Aliyekaa Kwenye Kiti cha Kipanga

Nyumbani kwetu
3 Machi

Mume wangu,

Nimeliandika neno hilo halafu nikakaa nalitazama, kama mtu aliyenunua viatu vipya akaogopa kuvivaa nje visiingie vumbi. Mume wangu! Leo dukani nilikuwa nasaga lenzi za mzee mmoja, bosi akaniita, "Binti, njoo." Nikamwambia, "Bosi, mimi sasa ni mke wa mtu." Akacheka mpaka akavua miwani yake. "Tumesikia," akasema. "Hata wateja wameshasikia."

Dereva wa lori la saruji ameniambia daraja lenu bado ni nguzo mbili tu zimesimama kwenye tope, na kwamba simu inashika juu ya kilima peke yake, tena huko juu mafundi mnapanga foleni, kila mmoja anasikiliza mapenzi ya mwenzake. Basi tuandikiane hivihivi, laazizi, barua atatubebea yeye. Maneno ninayotaka kukuambia si ya kusikilizwa na wachomelea vyuma kambi nzima.

Chumba chetu kipo kama ulivyokiacha. Kiti chako, kompyuta yako, na kile kijiti cha kuendeshea ndege nakifuta kila siku. Mama yako anasema nitakifuta mpaka kitoke rangi. Mimi nikikishika namkumbuka kijana aliyekuja dukani kupimwa macho, akaniambia kwamba kwenye ule mchezo wa ndege za kivita yeye ndiye Kipanga, mkuu wa kikosi, akitokea nyuma ya wingu maadui wanatawanyika kama vifaranga. Nilicheka hadi nikakosea kuandika kipimo cha jicho lako la kushoto. Miwani ikarudiwa, ukarudi, na ukarudi tena hata miwani ilipokuwa imekaa sawa.

Nina ombi moja. Niandikie unavyopigana huko angani, kitu kwa kitu, kama unamfundisha mtu. Usiniulize sababu. Mwanamke akipenda anataka kujua hata mumewe anavyokunja mikono ya shati.

Ni mimi, wako mzima mzima,
Mkeo

*

Kambini
12 Machi

Mke wangu, malkia wa lenzi,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Jamaa ninayelala naye chumba kimoja anakoroma kama jenereta bovu, lakini jana alinyamaza ghafla akaniuliza, "Unacheka nini wewe?" Nikamwambia, "Nina mke." Akasema, "Pole," akaendelea kukoroma.

Umeomba nikufundishe vita vya angani. Aa, umegonga penyewe! Sikiliza basi.

Ukimwona adui, usimwachie. Mng'ang'anie mkiani. Akikata kona, wewe kata kali kuliko yake, vuta kijiti mpaka kikuguse tumbo. Risasi anza kuzimwaga mapema, angali mbali, apagawe. Mambo ya kupanda juu na kuzungukazunguka ni ya watu wenye hofu. Dume linakwenda moja kwa moja. Na usitazame nyuma. Ukitazama nyuma umeshashindwa.

Ndivyo ninavyofanya mimi. Hapa wenzangu nimewasimulia, sasa wananiita Rubani. Mchana tunachomelea vyuma, jasho linajaa kwenye kinyago kama supu, lakini jioni wanasema, "Rubani, tupe ile ya wale wanne uliowaangusha." Nawapa.

Nakupenda kuliko hewa.

Kipanga wako

*

Nyumbani
20 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu simu yako inashikwa na wanao wote, nikituma neno kwako litasomwa kwanza na mdogo kisha litangazwe barazani. Na hili, Dada, naona haya hata kuliambia karatasi.

Shemeji yako alipoondoka nilikuwa napatwa na upweke jioni. Siku moja nikawasha kompyuta yake ili tu nisikie ule mngurumo wa ndege alioupenda. Mchezo ukafunguka wenyewe, kwa jina lake. Mara ujumbe ukatokea: "Kipanga, upo?" Ni wale wenzake wa kikosi, watu wa mji huuhuu ambao hukutana humo mchezoni tu. Nikaandika, "Nipo." Ni neno moja tu, Dada! Lakini ukishasema upo, utasemaje tena haupo? Nikawaambia maikrofoni imekufa, nitakuwa nawasikia tu na kuwajibu kwa kuandika. Tangu siku hiyo nacheza kila jioni kama yeye.

Nikajiambia nitajifunza kimyakimya, akirudi nikae kwenye kile kiti mbele yake nimwonyeshe. Tazama jinsi atakavyonishangaa! Nikamwomba aniandikie mbinu zake, akaniandikia, na mimi nimezifuata kama dawa ya hospitali. Adui simwachii. Kona navuta kijiti mpaka tumboni. Nyuma sitazami.

Dada, naanguka. Naanguka kama embe bovu. Nikivuta kona kali ndege inaishiwa nguvu, inabaki inaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba, na mtu ambaye sikumtazama nyuma ananimaliza. Risasi zangu zinaisha kabla sijamfikia yeyote. Juzi nilizimimina zote kwa furaha, ndege ikashika moto, kumbe ni ya Dobi, mtu wa upande wetu! Nilimsikia anaguna: "Kipanga bwana. Kama kawaida yako." Kejeli tupu. Na yule mwingine, wanamwita Zege kwa sababu ni fundi mwashi, akashusha pumzi akasema, "Hakuna neno. Tumeshamzoea ndugu yetu."

Wameshamzoea! Mwanaume aliyekuwa mkuu wao, ndani ya wiki hizi chache nimemgeuza kichekesho. Kuna kikosi pinzani kinajiita Radi, tutashindana nao mwezi wa tano, na wao wakiliona jina la Kipanga wanaandika, "Karibu, chakula kimefika." Nasoma hayo nikiwa na pete yake kidoleni. Kazini nikikosea lenzi moja siku nzima naona kama ukuta wote wa miwani unanicheka.

Nifanyeje? Usimwambie mtu.

Mdogo wako

*

Kwangu
28 Machi

Mdogo wangu,

Nilivyoona barua nene hivyo nikadhani unaniambia una mimba. Nimeketi kitako, nimewafukuza watoto, kumbe ni ndege za kwenye kompyuta!

Acha kulia. Mwandikie mumeo leo umwambie, "Nimekuwa nacheza kwa jina lako na nimekuharibia." Atakasirika kidogo, atacheka, yataisha. Nakujua wewe na hayo mambo yako ya kumshangaza mtu. Ulitaka kumshangaza baba kwa kumpakia rangi baiskeli yake, ukapaka na cheni.

Msalimie mama mkwe. Na ule.

Dada yako

*

Nyumbani
9 Aprili

Dada, Dada, Dada,

Sikumwandikia! Usinipige. Subiri kwanza nikueleze.

Zege aliniandikia jioni moja, "Kipanga, leo tukae wawili tu uwanja wa mazoezi. Nina kitu nataka nikwambie muda mrefu, usinichukie." Huko hakuna adui, ni anga na milima tu. Akaniambia, "Mbona una haraka hivyo, ndugu yangu? Panda kwanza. Ukiwa juu, mwendo unao mfukoni. Ukitaka kuutumia unashuka. Ukikunja kona mpaka mwisho, unamwaga mwendo wote kwa mara moja." Akanifanyisha kona moja jioni nzima. Ileile tu. Naikunja kidogo, nalegeza, namwacha adui wa kufikirika apite, napanda, nashuka juu yake upya. Siku ya pili ikawa ni kutazama: mbele, pembeni, nyuma, kisha mbele tena, kama dereva mwenye vioo. Siku ya tatu kulenga. "Usipige alipo," akaniambia. "Piga pale atakapokuwa. Na usifyatue mpaka akijaze kioo cha kulengea." Halafu tukawa tunarudia kutazama mapigano yetu, anauliza, "Hapa ulikosea wapi?" Mimi naandika, yeye anasema, "Ehee."

Wiki iliyopita nikamwangusha wa kwanza. Nilipiga ukelele mpaka mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi. Nikamwambia nimeona mende. Jana niliangusha watatu, na wale Radi hawakuandika neno lolote kuhusu chakula.

Kitu kimoja kilinipitia kichwani, nikakifukuza: mbona yote haya ni kinyume kabisa cha aliyoniandikia mume wangu? Nikajiona sina adabu. Bila shaka bingwa ana njia zake, kama mpishi asiyepima chumvi. Sisi wanafunzi ndio wa vijiko.

Akirudi, Dada! Nitakuwa nimeshalisafisha jina lake. Hatajua hata kama liliwahi kuchafuka.

Mdogo wako mwenye mbawa

*

Kambini
15 Aprili

Mke wangu,

Juzi nilipanda kilimani, simu ikashika. Nimepata habari za yanayofanyika chumbani mwangu, kwa jina langu, tangu niondoke.

Sitayataja hapa. Dereva naye ana macho. Nataka uyaseme mwenyewe.

Mimi

*

Nyumbani
21 Aprili

Mume wangu mpenzi,

Umejua. Nimekaa na barua yako mapajani tangu dereva aondoke, uso unaniwaka. Nimekupigia simu tena na tena, hupatikani.

Sikukusudia ufahamu hivi, kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilitaka nikueleze ana kwa ana ukirudi. Ilianza kwa upweke tu. Nilikuwa nimekaa peke yangu, nikasema ni jioni moja, kisha ikawa kila jioni, kisha nikawa nakimbia kutoka kazini ili niwahi. Najua nimekuaibisha mbele ya wenzako. Mwanzoni nilikuwa nalala nikilia, naapa kila mara kwamba kesho naacha. Sikuweza kuacha.

Usimlaumu Zege. Yeye hana kosa lolote, amekuwa na subira na mimi kuliko nilivyostahili. Kila kitu ninachokijua sasa ni yeye aliyenifundisha. Mama hajui chochote. Nilimdanganya nimeona mende.

Nisamehe. Nililichukua jina lako bila kukuuliza nikalichafua. Lakini njoo uone, mpenzi, njoo uone nilivyo sasa, huenda hutanichukia.

Mkeo anayekupenda bado, tena zaidi

*

Kambini
29 Aprili

Zege! Mtu aliyekuwa ananiita ndugu!

Nimechoma mkono leo kwa sababu ya mawazo. Wenzangu wakaniuliza nina nini, nikasema ni moshi. Huku kukuficha wewe hata sijui nakuficha kwa faida gani.

Usiniandikie tena. Ondoka kwenye nyumba ya mama yangu kabla hajajua. Nguzo hii ikiisha nitakwenda kuzungumza na wazee wako. Barua yako ninayo, nitawasomea, wasije wakasema nimekusingizia.

*

Nyumbani
5 Mei

Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Ilinibidi niisome tena ili nielewe unasema nini.

Nilikuwa nacheza mchezo, bwana. Mchezo wa ndege, kwenye kompyuta yako, kwa jina lako. Ndiyo "siri" yangu. Zege sijawahi kumwona kwa macho, sijui ni mrefu au mfupi, yeye mwenyewe hadi leo anafikiri mimi ni wewe. Alinifundisha kukata kona. Aibu niliyokuandikia ni aibu ya kuangushwa kila siku nikiwa nimebeba jina la mume wangu. Nilidhani umeambiwa hivyo. Ningejuaje kwamba umefikiria lile?

Sijaondoka. Nilitoa sanduku, nikaanza kupanga nguo, mama akaingia akaniuliza, "Safari ya wapi?" Nikasema natafuta sweta. Kukiwa na jua lile. Akakaa kitandani akanisaidia kulitafuta, tukalitafuta wote wawili mpaka tukalipata, ikabidi nilivae.

Mama yako alikaa kwenye kitanda hichohicho unachonidhania nacho.

Naomba unijibu kitu kimoja. Uliambiwa nini huko kilimani? Wale wenzako walinicheka, sawa. Lakini kati ya kuchekwa na hilo uliloniandikia, ulipita njia gani?

Mimi

*

Kambini
12 Mei

Mke wangu,

Kama bado naruhusiwa kukuita hivyo.

Kilimani nilikuta ujumbe wa Dobi kwenye simu yangu. Nakunakilia kama ulivyo: "Kipanga, tangu maikrofoni yako ife umekuwa rubani! Watatu jana peke yako! Ulikuwa unaficha wapi haya yote?" Hayakuwa matusi. Zilikuwa sifa. Ndiyo maana nilijua mara moja kwamba mtu huyo si mimi.

Mimi sijawahi kuwa mkuu wa kikosi chochote. Mimi ndiye walikuwa wakiniweka nyuma kabisa nisiwaharibie. Ile "kama kawaida yako" niliizoea tangu zamani, hata niliipenda, maana ilionyesha wananijua. Kabla sijaja huku waliniomba kwa upole nisishiriki kwenye lile shindano na Radi. Nikafunga kompyuta, nikapanda lori, sikuwaaga, sikuwaambia nimesafiri. Zile mbinu nilizokuandikia ndizo ninazozitumia kweli. Na ndizo zinazoniangusha kweli. Sikujua kama unazifuata. Nilidhani unataka tu kunisikia nikijisifu, na mimi hapo huwa siombwi mara mbili.

Sasa lile gumu. Nilipoona kwamba kuna mtu kwenye kiti changu anayenishinda, nilijua tu ni mwanaume. Wewe hukunijia akilini, hata kidogo. Ikawa rahisi kwangu kuamini kwamba mke wangu, mke wa miezi hii michache, ana mtu mwingine, kuliko kuamini kwamba mke wangu ananizidi kuendesha ndege. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi nikaichana, nikitafuta namna ya kuiandika ambayo itanifanya nionekane afadhali. Haipo.

Barua yako ilipofika nilikuwa kazini. Niliisoma nyuma ya kinyago cha kuchomelea, na nilibaki nimekivaa mpaka wenzangu wakanawa, wakala. Jamaa wa jenereta akaniuliza, "Rubani, vipi?" Nikamwambia asiniite hivyo tena. Nikawaeleza wote kwamba wale wanne sikuwahi kuwaangusha. Mmoja akasema, "Tulijua. Kila siku walikuwa wanaongezeka." Wakacheka, na mimi sikuweza.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kwenda kwenu, nenda, una haki, na mimi nitakufuata huko niseme mbele ya wazee kwamba kosa ni langu. Ukibaki, sijui nitaingiaje mlangoni, lakini nitaingia.

Mumeo

*

Nyumbani
30 Mei

Mume wangu,

Dereva amekuja akaondoka mikono mitupu, akaniambia, "Shemeji, jamaa ananisubiri barabarani kama mtoto anayesubiri peremende." Nikamwambia asubiri tu. Nilikuwa nataka usubiri. Nakuambia ukweli kwa sababu nimechoka na uongo mtamu, wako na wangu.

Shindano limepita. Nilitaka kucheza kimya kama siku zote, lakini tulipokuwa tunapaa nikaona siwezi. Nikabonyeza maikrofoni nikasema, "Jamani, mimi si Kipanga. Mimi ni mke wake."

Mtu akakohoa.

"Tangu lini?" akauliza Dobi.

"Tangu mwezi wa tatu."

"Kwa hiyo ile siku niliyochomwa moto na mtu wa kwetu..."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Mama wee! Nilimsema mumeo mpaka nyumbani kwangu mke wangu akanikataza kutaja jina lake mezani!"

Na Zege, ambaye nilikuwa namwogopa kuliko wote, akasema, "Shemeji, mazungumzo baadaye. Wawili wanashuka juu ya kichwa chako. Kunja kulia, usivute mno."

Nikakunja. Sikuvuta mno. Tulishindwa, kwa kidogo sana, na wale Radi walituandikia "Mmepigana," basi. Baadaye Zege akaniuliza, "Na mwenyewe je, yuko salama?" Nikasema uko kazini mbali, unachomelea daraja. Akasema, "Mwambie hatukumfukuza. Tulimwomba apumzike tu, akatukimbia." Nakufikishia.

Sasa sisi. Nilijaribu kuanza barua hii kwa "mpenzi" kalamu ikagoma. Si kwamba sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimeshalala usingizi mzuri siku zote hizi. Ile ya kujisifu, mume wangu, nimekusamehe kabla sijamaliza kuisoma. Niliisoma nikacheka peke yangu kama mwehu. Rubani wa kuanguka! Ningekupenda hivyohivyo siku ileile dukani, ungeniambia tu. Ile nyingine, kwamba ulikuwa tayari kuwasomea wazee wangu barua yangu, iko hapa kifuani, haijaondoka. Usiniharakishe. Siendi kwetu, lakini usiniharakishe.

Juzi mama alinikuta nimekaa na hiyo barua yako ya mwisho, macho mekundu. Akakaa karibu yangu akauliza, "Ameandika nini huyo mwanangu?" Nikamtazama. Hawezi kusoma bila miwani, na miwani yake ilikuwa dukani naitengeneza mimi mwenyewe. Ningeweza kumwambia lolote. Nikamwambia, "Anakusalimia sana, mama. Anasema amekukumbuka mpaka analia."

Amefurahi, huwezi kuamini. Ametoka nje kuwaambia majirani kwamba mwanawe analia kwa ajili yake huko kazini, sasa kila anayepita ananiuliza kama ni kweli, nami nasema ni kweli.

Kwa hiyo barua inayokuja mwandikie yeye. Ndefu, nzuri, umlilie kwelikweli. Mara hii nimeifunika aibu yako. Mara nyingine nitampa miwani yake na barua yenyewe.

Mkeo